KIBIBI MWENYE MADOA: MLINZI WA SHAMBA ASIYEDAI UJIRA
Maelezo kwa wakulima wa Mpanda na Mkoa wa Katavi

Katika Mkoa wa Katavi mvua huanza kunyesha kwa kawaida mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Ni katika miezi hiyo ambapo mkulima wa Mpanda, baada ya kupalilia, huinama katika shamba lake la karanga, pamba, tumbaku au maharage, akageuza jani na kukuta kundi la wadudu wadogo, laini, wa kijani au weusi, wamejazana upande wa chini. Wadudu hao ni vidukari, ambao wakulima wengi wanawajua kwa jina la wadudu mafuta. Papo hapo mkulima hushikwa na wasiwasi, na mara nyingi jambo la kwanza analolifanya ni kulitafuta bomba la kupulizia dawa.

Makala haya yanamwomba mkulima huyo asubiri kidogo kabla ya kulijaza bomba lake. Na ageuze jani la pili, na la tatu, na la kumi, akitafuta kitu kingine: mbawakawa mdogo wa mviringo, mgongo wake uking'aa na kupambwa kwa madoa. Huyo ni mdudu kibibi. Ikiwa yumo, basi shamba hilo lina mlinzi ambaye amekwisha kuanza kazi, na dawa itakayopulizwa kwa pupa itamwua yeye pamoja na wale aliokuja kuwala.

MADHARA YA WADUDU MAFUTA

Inafaa kwanza ieleweke kwa nini mdudu mdogo kiasi hicho anaogopwa. Kidukari hana meno ya kutafuna. Ana mrija mwembamba kama sindano, ambao huuchomeka katika mshipa wa mmea na kufyonza utomvu. Mmoja peke yake hana madhara makubwa, lakini kidukari hakai peke yake. Katika nchi za joto kama yetu, jike huzaa bila ya kupandwa na dume, tena huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Mtoto anapozaliwa huwa tayari amebeba ndani yake viini vya watoto wake mwenyewe, na baada ya muda wa wiki moja hivi naye huanza kuzaa. Ndiyo sababu mmea uliokuwa safi wiki iliyopita huonekana leo umefunikwa.

Madhara yao ni ya namna tatu. Kwanza, mmea hudhoofika, majani hujikunja na vichomozo vipya hudumaa. Pili, vidukari hutoa maji matamu yenye kunata, ambayo huanguka juu ya majani ya chini na kuotesha ukungu mweusi kama masizi. Katika pamba, maji hayo yakiiangukia pamba iliyokwisha kupasuka, nyuzi hunata na kuchafuka, na thamani yake hupungua. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, vidukari huchukua virusi vya magonjwa kutoka mmea mgonjwa na kuvipeleka kwa mmea mzima.

Mfano ulio karibu na sisi ni ugonjwa wa rozeti wa karanga. Mche ulioshikwa hudumaa, majani yake huwa madogo, ya manjano na yaliyosongamana, na ukiung'oa hukuti karanga za maana. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1907 kutokana na mashamba ya nchi hii hii, wakati wa utawala wa Wajerumani. Aliyeueleza ni Zimmermann, mtaalamu aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1920 ulithibitisha kwamba anayeueneza ni kidukari mweusi wa jamii ya kunde, ambaye mkulima wa Katavi humkuta pia katika kunde zake.

KIBIBI NI MDUDU GANI

Kibibi ni mbawakawa wa familia inayoitwa na wataalamu Coccinellidae. Mgongo wake umeinuka kama kuba na tumbo lake ni bapa, hata ukimtazama juu ya jani utadhani ni nusu ya punje ya mbaazi iliyokatwa katikati. Mabawa yake ya juu ni magumu na hufanya kazi ya ngao. Chini yake yamekunjwa mabawa laini ya kurukia. Ziko aina nyingi, na rangi zao hutofautiana sana: wako wekundu wenye madoa meusi, wa manjano wenye mistari, na weusi wenye madoa mekundu.

Mmoja anayestahili kujulikana zaidi na wakulima wetu ni yule ambaye jina lake la kitaalamu ni Cheilomenes lunata. Huyu anaishi katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara, Tanzania ikiwamo. Ni mweusi, na juu ya weusi huo ana madoa makubwa ya rangi nyekundu, ya chungwa au ya manjano. Neno lunata limetokana na jina la Kilatini la mwezi, na alipewa kwa sababu ya madoa yake yenye umbo la mwezi mwandamo. Ndugu yake wa karibu, Cheilomenes sulphurea, ana rangi ya manjano yenye michoro myeusi, naye pia hupatikana Afrika Mashariki. Wote wawili huwala vidukari wa mazao mbalimbali: wa mahindi, wa kunde, wa pamba na wa mboga.

Rangi hizo kali si pambo tu. Kibibi akikamatwa hujikunja na kutoa katika viungo vya miguu yake matone ya maji ya manjano yenye harufu mbaya na ladha chungu. Ndege aliyemwonja mara moja huikumbuka rangi ile na kumwacha. Kwa mwanadamu mdudu huyu hana sumu ya kuogopwa. Ni vizuri watoto wafundishwe kumtambua na kutomwua.

MAISHA YAKE, NA KOSA LINALOFANYIKA MARA NYINGI

Jike la kibibi hutafuta kwanza mmea wenye vidukari, ndipo hutaga. Mayai yake ni ya manjano, marefu kiasi, nayo husimamishwa wima kwa kikundi upande wa chini wa jani, mfano wa chupa ndogo zilizopangwa pamoja. Katika maisha yake jike mmoja huweza kutaga mamia ya mayai. Kwa joto la nchi yetu, baada ya siku chache mayai huanguliwa na kutoka mabuu.

Hapa ndipo wakulima wengi hukosea. Buu la kibibi halifanani hata kidogo na mama yake. Ni refu, jembamba kuelekea mkiani, lenye rangi ya kijivu au nyeusi na alama za manjano au za chungwa, na lina miguu sita ya kukimbilia. Anayewajua mamba wa Mto Katuma atalitambua mara moja, maana ni kama mamba huyo amepunguzwa akawa na urefu usiofikia sentimita moja na nusu. Mkulima asiyelijua huliona linatembea katika vidukari akadhani ni adui mpya aliyeongezeka, kisha hulisaga kwa kidole au kulipulizia dawa. Ukweli ni kwamba buu hilo ndilo mlaji mkubwa kuliko wote. Tangu kuanguliwa hadi kukua, buu moja huweza kula vidukari mamia kadhaa. Kibibi mzima naye hula makumi kwa siku.

Buu hujivua ngozi mara kadhaa kadiri linavyokua, kisha hujibandika juu ya jani au shina na kuwa pupa isiyokwenda wala kula. Pupa hiyo, ambayo mtu huweza kuidhania ni uvimbe wa jani, haifai kubanduliwa, kwa kuwa baada ya siku chache hutoka kibibi mpya. Akiwa ndiyo kwanza ametoka, mabawa yake ni laini na ya rangi iliyopauka; madoa hujitokeza polepole kadiri mwili unavyokauka. Safari nzima kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua majuma matatu hivi panapokuwa na joto na chakula cha kutosha.

Kutokana na hesabu hiyo mkulima atafahamu jambo la msingi: vidukari huongezeka kwa haraka kuliko vibibi. Siku za mwanzo atawaona vidukari wengi na vibibi wachache. Hali hiyo haina maana kwamba vibibi wameshindwa. Wao huja wakifuata chakula, hutaga, na mabuu yao yanapoanguliwa ndipo idadi ya vidukari inapoanza kuporomoka. Asiyekuwa na subira hupulizia dawa katika wiki ile ile ambayo mabuu yalikuwa yanaanza kazi.

KINACHOTOKEA DAWA INAPOPULIZWA OVYO

Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa madukani huua wadudu wa kila namna. Haziwezi kutenganisha anayefyonza mmea na anayemla mfyonzaji. Tena kibibi hudhurika zaidi, kwa kuwa hutembea juu ya majani mengi akiwinda, na hula vidukari waliokwisha kuguswa na dawa. Wakati huo huo baadhi ya vidukari, waliojificha ndani ya majani yaliyojikunja, hunusurika.

Baada ya hapo mambo huenda hivi. Kidukari aliyesalia huanza kuzaa tena ndani ya siku chache, na sasa hakuna wa kumla. Kibibi huhitaji majuma matatu kukamilisha kizazi kimoja, na hana pa kuanzia. Baada ya muda mfupi vidukari huwa wengi, pengine kuliko walivyokuwa kabla ya dawa. Mkulima huona kwamba dawa haikutosha, akapulizia mara ya pili na ya tatu. Kila mara wale vidukari wachache wenye uwezo wa kuistahimili dawa ndio wanaobaki kuzaa, mpaka hatimaye dawa yenyewe haiwadhuru tena. Kidukari wa pamba na yule wa kijani anayeishambulia tumbaku wote wanajulikana duniani kwa ujuzi huo wa kuzoea dawa za aina mbalimbali.

Hasara hii ni ya fedha taslimu. Mkulima wa tumbaku hupata pembejeo kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, na gharama ya kila chupa hukatwa katika malipo yake wakati wa masoko. Dawa iliyopulizwa bila ya sababu ni pesa aliyoilipa ili kumwua mlinzi aliyekuwa akifanya kazi bure. Tukiongeza juu yake madhara kwa afya ya anayepulizia bila ya kinga, kwa nyuki wa misitu ya miombo, na kwa vijito ambavyo watu na mifugo hunywa maji yake, tutaona kwamba gharama ni kubwa kuliko inavyoandikwa katika stakabadhi.

RAFIKI NA ADUI WENYE SURA MOJA

Pamoja na sifa hizo, ni lazima mkulima aambiwe ukweli kwamba si kila mdudu mwenye madoa ni rafiki. Katika familia hiyo hiyo ya vibibi limo kundi linalokula majani. Wako wanaoshambulia jamii ya maboga, matango na matikiti, na yuko mwingine, Chnootriba similis, anayekula majani ya mahindi na nafaka nyingine. Ili kuwatofautisha, na atazame mambo manne:

1. Mgongo. Kibibi mla vidukari ana mgongo laini unaong'aa kama uliopakwa mafuta. Mla majani ana vinywele vifupi sana vinavyoufanya mgongo wake uonekane umefifia.

2. Buu. Buu la mla vidukari ni la rangi nyeusi au kijivu na ni jepesi wa mwendo. Buu la mla majani huwa na rangi ya manjano iliyopauka, limejaa miiba yenye matawi, na huenda polepole.

3. Jani. Palipo na mla majani utaona jani limekwanguliwa kwa mistari au viraka, ikabaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Mla vidukari halitafuni jani kiasi cha kuleta hasara.

4. Chakula. Palipo na vidukari, na kibibi akawa katikati yao, huyo ni rafiki. Aliye juu ya jani lisilo na kidukari hata mmoja, na jani lenyewe limeliwa, ni wa kutiliwa shaka.

Mkulima asiye na hakika na apeleke mdudu huyo ndani ya kichupa kwa afisa ugani wa kata yake kabla ya kuchukua hatua yoyote.

MAMBO YA KUFANYA SHAMBANI

Kumlinda kibibi hakuhitaji fedha. Kunahitaji macho na utaratibu. Wakulima wanashauriwa kuyazingatia mambo yafuatayo:

(a) Kagua kabla ya kupulizia. Angalau mara moja kwa wiki pita shambani kwa mwendo wa kukata kona, ukitazama miche 20 au 30 kutoka sehemu mbalimbali, hasa upande wa chini wa majani na kwenye vichomozo. Andika idadi ya miche yenye vidukari, na idadi ya ile yenye vibibi, mabuu au mayai yao. Rudia baada ya siku tatu au nne. Ikiwa vidukari wanapungua na mabuu yanaongezeka, liache bomba ghalani.

(b) Watambue wasaidizi wengine. Ukiona vidukari waliovimba, wakakauka na kuwa na rangi ya kahawia kama karatasi, wengine wakiwa na tundu dogo la mviringo, ujue wameuawa na nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya miili yao. Hiyo ni ishara njema.

(c) Waangalie sisimizi. Sisimizi hupenda maji matamu ya vidukari, na kwa ajili hiyo huwachunga kama mfugaji anavyochunga ng'ombe, wakiwafukuza vibibi na kuwauma. Katika bustani ndogo, kuharibu njia za sisimizi kwenda kwenye mimea huwapa vibibi nafasi.

(d) Panda mapema na kwa nafasi inayoshauriwa. Karanga zilizopandwa mwanzoni mwa mvua, zikasongamana vizuri na kuifunika ardhi, hushambuliwa kidogo na rozeti kuliko zilizochelewa na zenye mapengo. Ng'oa pia maotea ya msimu uliopita, maana ndimo ugonjwa hujihifadhi.

(e) Usizidishe mbolea ya naitrojeni. Mmea uliolishwa mno huwa laini na wenye utomvu mwingi, na vidukari huupenda.

(f) Wape vibibi malezi. Mahindi na mtama hupata vidukari wa aina yao, ambao hawaishambulii pamba wala karanga. Vibibi huzaliana humo na kula chavua ya maua yake, kisha huhamia katika mazao ya jirani. Si lazima mazao yachanganywe katika shamba moja. Shamba la mahindi au mtama lililo karibu linatosha.

(g) Acha kuchoma ovyo. Baada ya mvua kwisha, vibibi hujihifadhi katika mashina ya nyasi, chini ya magome na katika majani makavu. Moto unaowashwa kiholela wakati wa kiangazi huwaangamiza pamoja na msitu. Ukingo wa nyasi na maua uliobakizwa kando ya shamba, na bustani za mabondeni zinazoendelea kuwa kijani, huwa makimbilio yao mpaka mvua nyingine.

(h) Ikibidi kutumia dawa, itumie kwa akili. Katika bustani ya mboga, anza kwa kuwaosha vidukari kwa maji yenye nguvu, au kwa maji ya sabuni au dawa ya mwarobaini kwenye mimea iliyoshambuliwa tu. Ikiwa hali imezidi, mwombe afisa ugani akuelekeze kwenye dawa isiyodhuru sana wadudu rafiki, upulizie sehemu iliyoathirika badala ya shamba zima, wakati wa jioni ambapo nyuki wamerejea mizingani. Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kutoka duka lenye kibali, chenye lebo inayosomeka. Vaa nguo za kujikinga, na wala usioshe bomba mtoni.

MIPAKA YA KIBIBI

Haitakuwa haki kumaliza bila ya kueleza pale ambapo kibibi hawezi kutosha. Kwa magonjwa ya virusi, vidukari wachache wanatosha kuuingiza ugonjwa shambani kabla ya kibibi kufika. Kwa hiyo katika karanga yeye ni msaidizi wa kupanda mapema, na hawezi kushika mahali pake. Vilevile mashambulizi makali wakati wa ukame, mimea ikiwa bado michanga, huweza kuhitaji hatua ya haraka. Ndiyo maana tumesisitiza ukaguzi: ni shamba lenyewe linalotoa jibu, si mazoea wala uvumi wa jirani.

Lipo pia onyo la pili. Wako watu wanaosikia sifa za kibibi wakatamani kuagiza wengine kutoka nje. Historia ina mfano mwema wa jambo hilo. Mnamo miaka ya 1888 na 1889 kibibi kutoka Australia alipelekwa California, Marekani, na kuokoa mashamba ya michungwa yaliyokuwa yakimalizwa na mdudu gamba mweupe, na tangu hapo amepelekwa katika nchi nyingi. Lakini kazi ile ilifanywa na wataalamu, kwa mdudu anayekula aina chache sana. Mfano wa upande wa pili ni Harmonia axyridis, kibibi wa Asia aliyesambazwa Ulaya na Marekani ili awale vidukari. Aligeuka kuwa mlafi anayewala hata vibibi wa wenyeji, mayai na mabuu yao, na akaenea pasipotakiwa. Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya kuonekana kwake Kenya, na mwaka 2016 ikachapishwa taarifa nyingine ya kuonekana kwake Zanzibar. Mdudu akishavuka bahari hakuna anayeweza kumrudisha. Kwa hiyo mtu yeyote asiingize wala kusafirisha wadudu hai kwa nia ya kuwafuga bila ya idhini ya mamlaka zinazohusika. Vibibi tulio nao wanatosha, ikiwa tutawaacha waishi.

HITIMISHO

Wazee wetu walisema, haraka haraka haina baraka. Maneno hayo yanafaa kuandikwa juu ya kila bomba la dawa. Mkulima anayetenga saa moja kila wiki kukagua shamba lake, akawajua rafiki na adui zake kwa sura na kwa mabuu yao, atapunguza deni lake, atailinda afya ya nyumba yake, na atawaachia watoto wake ardhi iliyo hai.

Wakulima, walimu wa shule zenye bustani, viongozi wa vyama vya msingi na maafisa ugani mnaombwa kuyafikisha maelezo haya kwa wengine. Inafaa msimu huu kila shule iwachukue wanafunzi wake bustanini mara moja tu, iwaonyeshe mayai ya manjano yaliyosimama chini ya jani, buu lenye umbo la mamba mdogo, pupa iliyojibandika, na kibibi mwenyewe mwenye madoa yake. Mtoto aliyewaona hao wanne hatawasaga tena kwa kidole, na huenda jioni ile ile akamzuia baba yake asilijaze bomba.